Hezekia wa Mayai, Mkwe Wangu

Watu wa Busawe wanamsema mkwe wangu kwamba ni mwanaume mzima asiye na pikipiki. Wanamsema kisimani, wanamsema kilabuni, na juzi mke wa mwenyekiti kamsema mbele yangu huku ananiangalia usoni. Nilimwacha amalize. Sasa namaliza mimi, tena kwa maandishi, ili na yule ambaye hakuwepo asikie.

Jina lake Hezekia. Kazaliwa upande wa Nyambureti, kwao watoto wengi na ng'ombe wachache. Baba yake alifariki yeye bado mchunga ndama, na mama yake akampeleka Mugumu kwa fundi baiskeli aliyeitwa Abdurahmani. Huyo mzee wazazi wake walitoka pwani, lakini Mugumu ndiyo iliyomzeesha. Hakuwa na mtoto wa kiume. Akamfundisha Hezekia kuziba pancha, kunyoosha rimu kwa kuisikiliza inavyolia ikizungushwa, na kukaa kimya mteja anapodanganya kwamba baiskeli imejivunja yenyewe. Siku ya kuondoka akampa ile baiskeli nyeusi, ya chuma kizito, yenye keria pana nyuma.

"Hii haina haraka," akamwambia, "na wewe huna haraka. Mtaelewana."

Wameelewana mpaka leo.

Kazi yake ni mayai. Anapita mji kwa mji, boma kwa boma, kuyakusanya, anayapanga kwenye trei, trei juu ya trei, anafunga kwa vipande vya tyubu ya zamani, halafu huyo, Mugumu. Vijana wa pikipiki walimwona wakasema na sisi tufanye. Walifika sokoni wamebeba kitu cha kukaanga palepale, maganda mbali, ute unachuruzika mpaka kwenye ekzosi. Hezekia hajawahi kufika na yai lililopasuka, au kama limepasuka amelila njiani na sisi hatujui.

Siri yake ni barabara ya juu. Hiyo ndiyo barabara ya zamani, ya changarawe. Magari yalipita huko mpaka daraja la kijito lilipokatika. Wakachonga nyingine kule chini bondeni, na kila chenye injini kikahamia chini. Daraja la juu likabaki magogo mawili. Tangu hapo huku kwetu juu honi haijasikika. Changarawe imekaa nyekundu, majani yameota katikati, na kila upande ni mashamba mpaka mtu unachoka kuangalia. Wanaopita ni wenye miguu, ng'ombe na Hezekia. Anaijua kama mimi ninavyojua mgongo wa jembe langu. Anajua wapi changarawe imekaa nene inataka kuteleza, wapi mvua imechora mfereji, wapi uende ukingoni palipokanyagwa na ng'ombe pakawa laini. Haendeshi kwa nguvu. Anaendesha kama mtu anayemtembeza mgonjwa.

Basi huyo ndiye aliyekuja kumwoa binti yangu Gloria, na mimi nilikataa.

Nilisema wazi mbele ya kaka zangu: mwanaume gani anatafuta mke kwa kukanyaga pedeli? Mwanangu wa kwanza, Wangwe, yuko Tarime mjini, Nkende, ana duka na gari. Gloria alikuwa anaweza kupata mwenye angalau injini. Gloria akasema kama si Hezekia ni kukaa. Huyu binti ukaidi ameutoa wapi sijui. Alikaa kweli, msimu mzima wa mtama, mpaka mimi mwenyewe nikawaambia wazee wapokee ng'ombe za watu.

Sasa asiye wa kwetu hajui jambo moja, na lazima nilieleze hapa. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani usoni. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawasemeshani ana kwa ana. Mkikutana njiani mmoja anaacha njia anaingia shambani. Si chuki. Ni heshima, tena kubwa kuliko zote, kwa sababu yeye ndiye amemchukua mtoto uliyemzaa. Akija nyumbani anasimama nje ya uzio, anakohoa, mke wake ndiye anaingia.

Kwa hiyo mkwe wangu nilimjua kwa vipande. Nilijua kikohozi chake. Nilijua mgongo wake ukiondoka, na kengele ya baiskeli yake. Sura sikuwa naijua, na wala sikuitaka. Halafu ukungu ukaingia machoni. Ulianza jicho la kulia kama moshi wa jikoni, ukahamia la kushoto, na mwisho hata huo mgongo nikawa siuoni. Walisema ni mtoto wa jicho. Mimi nilisema ni uzee, utapita.

Gloria akajifungua mtoto wa kiume. Nilimpokea, nikamwogesha, nikamkanda, yote hayo kwa mikono tu.

Wakati huo ndipo madaktari wa macho walipopiga kambi kwenye kituo cha afya cha Nyambureti. Wangwe akapiga simu: "Mama, usihangaike na mtu. Nakuja na gari nikupeleke mwenyewe." Nikasema sawa. Moyoni nilifurahi. Nilitaka wanione nikishuka kwenye gari la mwanangu. Nikavaa kitenge changu kizuri, nikamfunga miguu kuku jike mwekundu wa kumpa daktari, nikamtia kikapuni, nikakaa mlangoni. Siku hiyo gari halikuja. Nikavua kitenge. Siku iliyofuata nikavaa tena. Mvua ikanyesha. Siku ya mwisho ya kambi nikavaa mara nyingine, na jua lilikuwa limeshapanda Gloria alipoingia na mtoto.

"Mama, mbona bado umekaa hapa? Leo wanafunga!"

"Namsubiri kaka yako."

"Kaka amenipigia mimi, ameogopa kukwambia wewe. Bondeni kumejaa maji, gari halipiti. Anasema atakuja wiki ijayo."

"Basi na madaktari waje wiki ijayo."

"Mama!"

"Usinipigie kelele, mtoto atashtuka."

Halafu akaniwekea mtoto mapajani, akamfunua nguo ya kichwani.

"Niambie, mama. Huyu anafanana na nani?"

Nikampapasa pua. Nikampapasa masikio, kidevu, paji la uso. Mtoto akanishika kidole akang'ang'ania. Mikono inajua joto, inajua kama mtoto ameshiba. Kufanana haijui.

"Wote wameshasema," Gloria akasema taratibu. "Majirani wamesema, nesi amesema. Umebaki wewe tu, na wewe ndiye nilitaka nikusikie."

Nje ya uzio nikasikia kile kikohozi.

"Hezekia yuko hapo na baiskeli," Gloria akasema.

"Na akae hapohapo."

"Atakupitisha barabara ya juu. Mtawahi."

"Nani? Mimi nipande keria ya mkwe wangu? Nimshike kiuno kama msichana anayetoroshwa? Heri niwe kipofu."

"Hutamshika. Utakaa umegeukia nyuma, wewe unaangalia huku, yeye anaangalia kule. Utashika keria. Wapi mtaonana?"

"Na akitaka kusema kitu?"

Kuku akalia kikapuni. Huyu binti akaanza kucheka, akacheka mpaka mtoto akashtuka.

"Mtaongea na kuku," akasema.

Ndivyo nilivyopanda baiskeli ya mkwe wangu. Gunia limekunjwa limewekwa pale zinapokaa trei, mimi nimejifunika kitenge kichwani, mgongo wangu umeelekea mgongo wake bila kugusana, kikapu cha kuku mapajani. Gloria akasema nendeni. Baiskeli ikatikisika mara moja, halafu changarawe ikaanza kusema chini yetu, krii, krii, krii, kama mtu anatafuna karanga taratibu.

Nilikuwa nimejiandaa kurushwa. Nilishapanda pikipiki mara moja, na mgongo haujasahau. Nikakaza meno, nikangoja shimo la kwanza. Nikangoja. Shimo halikuja. Tunayumba kidogo kulia, tunarudi kidogo kushoto, upepo unapita masikioni, na mimi nimekaa kama niko kwenye kigoda changu. Hakuna injini. Hakuna vumbi la mtu mwingine la kumeza. Nilisikia jembe likigonga jiwe mbali huko shambani. Nilisikia njiwa. Nilijua tumepita kwenye mihogo iliyolowekwa kwa sababu ya harufu, nikajua tumepita kwenye alizeti kwa sababu ya nyuki. Nimeishi kando ya barabara ile tangu nilipoolewa na sijawahi kuisikia hivyo.

Nikakohoa.

"Kuku," nikasema, "mwambie mwenye baiskeli asiende kwa kujivuta. Madaktari hawatanisubiri."

Changarawe ikatafuna karanga zake. Halafu sauti ikatoka nyuma yangu, nzito, ya aibu. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia karibu hivyo.

"Kuku, mwambie mama tukikimbia hapa tutaishia mtaroni. Mbele pametandazwa changarawe nene. Tukishaipita, nitakanyaga."

Tukaipita. Akakanyaga. Kitenge changu kikapepea, kuku akafungua mabawa.

Watu waliokuwa wanapalilia wakatuona. Mmoja akapaza sauti, "Hezekia! Leo umebeba yai gani hilo kubwa hivyo?"

"La kienyeji!" Hezekia akajibu. "Msinichekeshe, nitaliangusha!"

Wakaangua kicheko. Nikasema kwa sauti, ili nao wasikie, "Kuku, mwambie huyo anayecheka kwamba sauti yake nimeijua. Mimi ndiye niliyemkata kitovu."

Kicheko kikakatika kama kimezibwa na mkono. Nyuma yangu nikasikia mgongo wa mtu unatikisika. Alikuwa anacheka kimyakimya, masikini, anaogopa nitajua.

Tulipofika mlimani baiskeli ikapungua, ikasimama. "Kuku, mwambie mama hapa nashuka nisukume."

"Kuku, mwambie kwamba mimi nina miguu. Nitatembea."

"Kuku, mwambie mama yai huwa halishuki mlimani."

Nikabaki juu ya keria. Akasukuma baiskeli na mimi juu yake mpaka kileleni, akihema. Hakulalamika hata kwa kuku.

Kwenye kijito ilibidi nishuke. Yale magogo mawili yalikuwa yamelowa, na maji chini yanaunguruma. Mtu mwingine angenishika mkono, na mkono ndio hasa asioweza kuushika. Nikasimama, nikasikia amesimama. Wote tunafikiri jambo lilelile. Halafu akasema, "Kuku, mwambie mama ashike tairi la nyuma." Akaiinua baiskeli begani upande wa mbele, mimi nikashika tairi nyuma kwa mkono mmoja, kikapu mkono mwingine. Yeye mbele, baiskeli katikati, mimi mwisho. Akinyanyua mguu, tairi linanivuta. Akisimama, linanisubiri. Katikati ya daraja nikateleza, na lile tairi likakazwa upande wa pili kama limefungwa kwenye mti. Sikuanguka. Tulipofika ng'ambo sikumshukuru, kwa sababu sikujua kuku angeyasemaje.

Tulifika Nyambureti walikuwa wanafunga vitu. Nilisikia meza zinakunjwa, milango ya gari inafunguliwa. Nesi akaja. Jina lake Honoratha, mtu wa Bukoba huko, serikali imemleta kwetu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nimekuja kwa macho."

"Pole bibi yangu, tumeshafunga. Walikuwepo siku zote hizi, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa navaa."

Hakuelewa, na mimi sikueleza. Nikapapasa, nikakuta boksi la bati refu, nikakaa juu yake.

"Bibi, hilo linapakiwa kwenye gari."

"Lipakieni na mimi juu yake."

Daktari akaja, nikasikia viatu vyake. "Mama, ndani ya boksi hilo ndimo kuna vifaa vya kukutibu."

"Basi lifungue."

"Umelikalia."

"Sema kwanza utalifungua."

Halafu daktari akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka ambaye na yeye ana mama yake mahali fulani. Akasema meza irudishwe, jicho moja leo, la kulia, na la pili nitalifuata Mugumu mwezi ujao. Nikanyanyuka. Daktari hakumtaka kuku, alisema hairuhusiwi. Wakamfunga chini ya benchi pale barazani.

Ya chumba cha upasuaji siyasemi, kwa sababu sikuyaona. Nililala na bandeji.

Asubuhi Honoratha akaifungua. Kwanza ulikuja mwanga, mweupe, nikataka kuusukuma na mkono. Halafu ukajigawa. Hili ni dirisha. Hili ni pazia, lina maua ya bluu, na ua moja limechomwa na pasi. Na huyu nesi kumbe ni mtoto mdogo kabisa, ana mwanya, analia.

"Unalia nini wewe? Jicho ni langu."

"Basi tu, bibi. Kila mtu nikimfungua nalia."

Akanitoa nje, akaniketisha kwenye benchi barazani, akasema atatuma uji. Nikakaa natazama. Kulikuwa na mbuzi. Kulikuwa na mwanamke anaanika kanga, nikamsoma maandishi ya kanga yake toka mbali, nikayarudia kwa furaha. Ndipo kijana mmoja akaja na kikombe. Honoratha ndiye alimtuma. Yeye mtu wa Bukoba, mambo yetu hayajui.

Kijana akasimama pembeni, ameinamisha kichwa, akanyoosha kikombe kama mtu anayekitia motoni. Nilimtazama. Baada ya miaka ile yote ya ukungu, hiyo ndiyo sura ya kwanza ya mwanaume niliyoiona vizuri, na ilikuwa sura nzuri. Masikio yamesimama, kama yanasubiri kuitwa. Kidevu kina kishimo. Paji la uso lina mikunjo mitatu ya mtu anayeangalia mbali juani.

Nikapokea kikombe, nikakiweka chini. Nikamshika mkono wake kwa mikono yangu yote miwili.

"Wewe mura," nikamwambia, "mtoto wa nani?"

Jasho likamtoka.

"Kwenu wapi?"

Anatazama chini.

"Huwezi kuongea?" Akatikisa kichwa, sijui kwa ndiyo sijui kwa hapana. Nikajua ni bubu. Nikamhurumia, nikamvuta akae kwenye benchi, na mkono sikuuachia.

"Usijali," nikasema. "Wanaoongea sana hawana faida. Mimi nina mwana Nkende, anaongea kwenye simu mpaka inapata moto, na gari lake sijaliona. Aliyenileta hapa ni mkwe wangu. Nilimkataa, unasikia? Nilisema hana pikipiki. Jana kanipitisha barabara ya juu, na nakwambia wewe kwa sababu huwezi kumwambia mtu, sijawahi kubebwa hivyo tangu mama yangu aliponibeba mgongoni. Mlimani kanisukuma. Mtoni nimeteleza, akanishika bila kunishika. Mtu kama huyo, ng'ombe zake zilikuwa nyingi mno. Tulipaswa kumrudishia nusu. Lakini mimi siwezi kumwambia, kwetu haiwezekani, na kuku hawezi kubeba maneno mazito hivyo. Basi nakwambia wewe."

Yule kijana alikuwa ameinama mpaka kidevu kimegusa kifua. Tone la jasho, au si jasho, likaanguka kwenye mkono wangu. Chini ya benchi kuku akalia. Na kijana akasema, polepole, kwa ile sauti nzito ya aibu:

"Kuku, mwambie mama uji unapoa."

Nikauachia ule mkono kama nimeshika sufuria la moto. Nikajifunika kitenge kichwa kizima, jicho jipya na jicho la zamani. Yeye akaruka upande wa pili wa nguzo. Honoratha akatoka akauliza kuna nini.

Nilikaa ndani ya kitenge muda mrefu. Nilikunywa uji humohumo. Mwisho nikasema, "Kuku, muulize huyo mtu amesikia nini."

Toka nyuma ya nguzo: "Kuku, mwambie mama nilikuwa bubu. Na bubu wengi hata masikio hayasikii."

Tukarudi jioni jua likiwa limepungua makali. Nilikaa vilevile, nimegeukia nyuma, ila sasa nilikuwa naona. Anayekaa mbele anaona barabara inavyokuja. Mimi niliiona inavyokwenda. Ilikuwa inatoka chini ya miguu yangu nyekundu, inajinyoosha, inapanda ule mlima, inazidi kuwa nyembamba mpaka inakuwa kama uzi, na juu yake kuna mstari mmoja tu wa tairi, wetu. Mtama ulikuwa umeinamisha vichwa. Alizeti zilikuwa zimetupa mgongo. Moshi ulikuwa unatoka kwenye miji, mmoja hapa, mwingine kule, na mwanamke akisimama shambani na kushika kiuno nilimwona mpaka anakuwa mdogo kama sindano. Hakuna gari lililotufuata, hakuna lililotupita. Nilijua kwa nini huyu mtu hataki pikipiki. Pikipiki ingemwonyesha nini?

Hatukusemeshana. Hata kuku alilala.

Nyumbani wanawake wazima walikuwa wameshasikia. Sijui nani aliwaambia, lakini habari haihitaji daraja. Wakaniuliza kama ni kweli nimemshika mkwe mkono, nikamkazia macho, nikamketisha kando yangu. Nikasema ni kweli, tena mikono yangu yote miwili. Wakasema kwa desturi aliyevunja heshima ya ukweni ndiye anayetoa kitu, ili aibu iondoke katikati. Nikasema desturi naijua kabla yao. Nikamchukua yule kuku mwekundu, nikampa Gloria ampeleke nje ya uzio kwa mume wake. Wengine walitaka mbuzi. Nikawaambia atakayemtaka mbuzi aje amdai kwangu. Hakuja mtu.

Halafu nikasema, "Nipe mtoto."

Gloria akaniwekea mapajani. Akafunua ile nguo. Nikamsogeza kwenye mwanga wa mlango, jicho langu la kulia juu yake. Masikio yamesimama, kama yanasubiri kuitwa. Kidevu kina kishimo. Akakunja paji la uso kuniangalia, mikunjo mitatu.

"Haya, mama," Gloria akasema. "Umebaki wewe tu."

Nilimwangalia mpaka nikatosheka. Sikumjibu yeye. Nikageuza uso kwenye uzio, nikapaza sauti:

"Kuku! Mwambie baba wa mtoto, mjukuu wangu nimemwona. Amefanana na yule bubu wa Nyambureti."

Nje hakukohoa mtu. Ikalia kengele ya baiskeli, krling, krling, ikarudia, na huku juu kwetu hakuna kitu barabarani cha kupigiwa kengele.